Ya Kaisari na Jasho la Kijana: Kodi ya Wanaojiajiri kwa Vipindi vya Mtandaoni

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na vijana, Maisaka, Babati)



Ndugu wapendwa, viongozi wa Halmashauri ya Walei, wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, makatekista, akina mama wa WAWATA, akina baba wa UWAKA, nanyi vijana wa VIWAWA: tulipotangaza Jumapili kwamba mada ya leo ni kodi, baadhi yenu mlicheka, na mzee mmoja aliuliza kama Kanisa nalo limefungua ofisi ya mapato. Sivyo, mzee wetu. Lakini kazi ya Tume ya Haki na Amani ni kutazama mahali ambapo mtu mdogo hukutana na sheria, na kuuliza kama wote wawili wametendeana haki. Katika maisha ya mtu anayejiajiri, mahali hapo huwa ni kodi.

Chanzo cha mada hii ni swali la binti mmoja wa hapa hapa Maisaka. Alitufuata sakristiani baada ya Misa ya pili. Hakuja kuungama, angekuja kuungama, msingesikia habari yake leo. Alikuja na swali, naye ametupa ruhusa kulisema bila kutaja jina lake. Binti huyu hurekodi mazungumzo na wakulima wa mbaazi na alizeti, na mafundi, na akina mama wa sokoni, kisha huyaweka mtandaoni ili watu wayasikilize wakati wautakao. Siku hizi kazi hiyo huitwa podikasti. Kwa wazee wetu tuseme ni redio isiyo na mnara wala saa maalumu: msikilizaji huibeba mfukoni ndani ya simu, akaisikiliza akiwa shambani au ndani ya bajaji. Wapo wenzake wanaosikika nchi nzima, kama Salama Jabir na kipindi chake cha SalamaNa. Binti yetu hajafika huko. Husikilizwa Babati, Magugu na vijiji vya jirani, na wafanyabiashara wachache humlipa ili atangaze mbegu, dawa za mifugo na kumbi za harusi. Yuko kijana anayemsaidia kusafisha sauti na kupanga vipindi.

Swali lake lilikuwa hili: "Padre, je, tunatenda dhambi kwa kutolipa kodi? Na tukienda kulipa, si watatuchukulia hata kompyuta?"

Tazameni kwamba hayo ni maswali mawili. La kwanza ni la dhamiri, na la pili ni la hofu. Tuanze na la pili, kwa maana mtu mwenye hofu hasikii vizuri anapofundishwa juu ya dhamiri.

Hofu hii haikuanza na binti huyu. Ameirithi kwa babu zake. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika nchi hii mwaka 1898, na nia yao haikuwa fedha tu. Walitaka pia mtu aache shamba lake akatafute senti kwenye mashamba ya walowezi, maana senti hizo hakuwa na mahali pengine pa kuzipata. Waingereza waliendelea na utaratibu huo kwa kodi ya kichwa. Na hata baada ya Uhuru, wazee mliomo humu mnaikumbuka kodi ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003. Mnakumbuka mgambo alfajiri, na watu waliolala porini kwa sababu hawakuwa na stakabadhi. Mtoto aliyemwona baba yake akikimbia hivyo hawezi kuambiwa tu kwamba kodi ni wajibu wa raia, akaamini. Yatupasa kumwonyesha kwamba sheria ya leo, pamoja na kasoro zake, ina upande unaomlinda. Upande huo ndio tuliokuja kuuzungumza.

Sasa tuje kwenye dhamiri. Mafundisho ya Kanisa hapa hayana utata. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Kanisa katika Ulimwengu wa Leo ya mwaka 1965, uliwalaumu wazi wale wanaokwepa kodi za haki kwa ujanja. Katekisimu ya mwaka 1992 inaihesabu kodi kuwa ni wajibu wa kimaadili, pamoja na kupiga kura na kuilinda nchi. Bwana wetu mwenyewe, walipomletea dinari kwa nia ya kumtega, aliwaambia wamrudishie Kaisari kilicho chake, na Mungu kilicho chake. Lakini tusiishie hapo, kama wengi wapendavyo kuishia. Watoza ushuru walipomwendea Yohane Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze kupita kiasi kilichopangwa. Kumbe kiasi kina mpaka, na mpaka huo ni suala la haki. Papa Leo wa Kumi na Tatu alikwisha kuonya mwaka 1891, katika waraka wake juu ya wafanyakazi, kwamba dola inatenda isivyo haki inapommaliza mtu kwa kodi kupita kiasi.

Basi jibu letu la kwanza kwa binti huyu lilikuwa: kumficha Kaisari kilicho chake ni kosa, lakini kumpa Kaisari ambacho sheria yake mwenyewe haikudai si utakatifu. Mara nyingi ni kutojua tu, na kwa mwenye familia, fedha hiyo ingeweza kuwa karo ya mtoto.

Kipi, basi, ambacho sheria haidai?

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inasema jambo ambalo kila mama wa sokoni analijua bila kusoma: kilichoingia mkononi si faida. Mama anayeuza nyanya hahesabu kuwa amepata shilingi 50,000 kwa sababu tu ameshika shilingi 50,000. Kwanza huondoa bei ya tenga, nauli, ushuru na mkaa wa uji aliokunywa kijana mbebaji. Sheria nayo inamruhusu mwenye biashara kuondoa katika mapato yake matumizi yote aliyoyafanya kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo, kwa ukamilifu na kwa ajili hiyo pekee. Kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi. Shika sana maneno hayo "kwa ajili hiyo pekee", maana mgogoro mwingi hutoka humo.

Kwa mtu wa podikasti, matumizi hayo ni yapi? Bando la intaneti la kupandisha vipindi. Nauli ya bodaboda kwenda kumrekodi mkulima kijijini na kurudi. Malipo ya anayehariri sauti. Pango la chumba cha kurekodia. Umeme wa chumba hicho. Matengenezo ya kinasa sauti kilichoangushwa na mbuzi (jambo hili lilitokea kweli, nasi tulicheka, lakini fundi alilipwa). Kadhalika ada za mamlaka ambazo bila hizo kazi isingeruhusiwa.

Kompyuta ina hesabu yake. Sheria haimruhusu mtu kuiondoa bei yote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kompyuta haiishi kwa mwaka mmoja kama bando linavyoisha kwa wiki. Huondolewa kidogo kidogo kwa jina la uchakavu. Kwa kompyuta kiwango ni asilimia 37.5 kila mwaka, ya thamani iliyobaki. Aliyenunua kompyuta kwa shilingi 1,600,000 huondoa 600,000 mwaka wa kwanza, inabaki 1,000,000. Mwaka wa pili huondoa 375,000. Inabaki 625,000, na kuendelea hivyo. Meza na viti vya ofisi huenda polepole zaidi, kwa asilimia 12.5. Binti yetu alipoyasikia haya alishangaa sana, maana yeye aliogopa kwamba kompyuta yake itachukuliwa, kumbe sheria inaitambua kama jembe lake na kumhesabia kuchakaa kwake.

Na yapo ambayo hayaondolewi kamwe. Chakula cha nyumbani, sare za watoto, nguo za sikukuu, pango la chumba unacholala: hayo ni matumizi ya nafsi na familia, na sheria inayakataa. Simu moja ikitumika kwa kazi na kwa kuongea na mchumba, sehemu ya mchumba haimhusu Kaisari. Faini uliyotozwa kwa kuvunja sheria haiondolewi. Na rushwa haiondolewi. Tunawaomba mlisikie hili vizuri, kwa kuwa limeandikwa wazi katika sheria yenyewe: aliyetoa rushwa ili apate kazi, hata kama kazi hiyo ilimletea fedha, hawezi kuihesabu rushwa hiyo kuwa ni gharama. Tumewahi kuhubiri mara nyingi juu ya rushwa kwa kutumia manabii. Hatukujua kwamba tungeweza kuhubiri pia kwa kutumia Sheria ya Kodi.

Hapa ndipo wengi hudhani wamekwisha kuelewa, na hapa ndipo wanapokosea. Matumizi haya hayaondolewi kwa kila mtu. Kwa mfanyabiashara mdogo aliye mtu binafsi ipo njia nyingine, ile ya kodi ya makadirio, ambayo hutozwa juu ya mauzo, si juu ya faida. Anayetozwa kwa njia hiyo haondoi bando wala bodaboda. Tangu mwaka 2019 njia hiyo iliwekwa kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka. Ambaye hataki kutozwa kwa mauzo anaruhusiwa kuchagua kuwasilisha hesabu zake kamili, na hapo ndipo matumizi yake yatakapohesabiwa.

Tuchukue jedwali la makadirio lililowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hakudaiwa kitu. Aliyezidi hapo hadi 7,000,000, kama hakuwa na kumbukumbu kamili, alitozwa 100,000. Kama alikuwa nazo, alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Aliyezidi milioni 7 hadi milioni 11 bila kumbukumbu alitozwa 250,000; mwenye kumbukumbu alitozwa 90,000, pamoja na asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7.

Tulipokaa na binti yetu tukakusanya jumbe za miamala ya simu, tuliona kwamba mwaka wake wa kwanza mauzo hayakufika milioni 4. Kwa jedwali hilo, kodi ya mapato aliyokuwa akiikimbia haikuwapo. Alikuwa amepoteza usingizi wa mwaka mzima bure. Wajibu wake uliobaki ulikuwa ni kujiandikisha na kupata namba ya mlipakodi, ambayo hutolewa bila malipo.

Mwaka uliofuata ulikuwa tofauti. Ili tusianike mambo yake, tutatumia tarakimu za mfano. Tuseme aliingiza shilingi 9,000,000. Bila daftari, kwa jedwali hilo, angelipa 250,000. Akiwa na daftari angelipa 90,000, na asilimia 3 ya milioni 2, yaani 60,000, jumla 150,000. Sasa tuseme amechagua kuwasilisha hesabu. Bando 120,000 kwa mwezi, ni 1,440,000 kwa mwaka. Bodaboda 480,000. Mhariri, vipindi 48 kwa 37,500 kila kimoja, ni 1,800,000. Chumba cha kurekodia 50,000 kwa mwezi, ni 600,000. Uchakavu wa kompyuta 600,000. Jumla ya matumizi ni 4,920,000. Faida inayobaki ni 4,080,000. Kwa viwango vya mtu binafsi vilivyotumika tangu Julai 2021, shilingi 3,240,000 za kwanza hazitozwi kodi, na kiasi kinachofuata hadi 6,240,000 hutozwa asilimia 8. Basi zinatozwa shilingi 840,000 tu, na kodi yake ni 67,200.

Mtu ni yule yule, na kazi ni ile ile, na mwaka ni ule ule: 250,000, au 150,000, au 67,200.

Msitoke hapa mkidhani kwamba njia ya tatu ni bora kwa wote. Tofauti ya 150,000 na 67,200 ni 82,800, na ukimlipa mhasibu akuandalie hesabu anaweza kuimaliza yote na kukudai nyongeza. Kwa maoni yetu, aliye mdogo sana na mwenye matumizi machache abaki kwenye makadirio lakini awe na daftari. Mwenye matumizi makubwa kuliko nusu ya mapato yake afikirie hesabu kamili. Na aliyepata hasara afikirie zaidi, maana makadirio humtoza hata mwenye hasara, ilhali hesabu humruhusu kuihamishia hasara yake mwaka unaofuata. Na kila mwaka mwezi Juni Bunge hujadili bajeti, na Sheria ya Fedha huanza kutumika tarehe 1 Julai. Kwa hiyo kabla ya kukokotoa, mtu aombe jedwali la mwaka wake katika ofisi ya TRA hapa mjini Babati, asitumie la jirani yake wala la kijitabu hiki.

Lakini tunataka tukae kidogo juu ya hizo 250,000 na 150,000, maana hapo pana jambo la haki. Anayelipa zaidi ni nani? Ni yule asiye na kumbukumbu. Na asiye na kumbukumbu ni nani? Mara nyingi ni yule asiyesoma sana, ambaye hakufundishwa na mtu, mwenye haraka ya kurudi nyumbani kwa watoto. Kampuni kubwa ina mhasibu, na mhasibu anakijua kila kifungu. Mjane wa Maisaka hana mhasibu, naye ndiye anayelipa shilingi 100,000 za ziada kwa kukosa daftari la shilingi 1,500. Twafahamu kwamba serikali inataka kuwahimiza watu watunze kumbukumbu, na nia hiyo ni njema. Lakini adhabu ya kutojua ikimwangukia maskini mwaka hata mwaka, na asiwepo wa kumfundisha, basi sisi tuliosoma tuna deni. Hatuwezi kuisema serikali juu ya hili kabla ya kujisema wenyewe, kwa kuwa tuna walimu wastaafu wangapi katika parokia hii wanaojua kujumlisha na kutoa?

Lipo pia suala la vibali. Mwaka 2018 zilitungwa kanuni za maudhui ya mtandaoni, nazo ziliwataka wenye blogu na vipindi vya mtandaoni walipe ada ya maombi shilingi 100,000, ada ya awali ya leseni shilingi 1,000,000, na nyingine 1,000,000 kila mwaka. Jumla yake shilingi 2,100,000 kabla ya kusema neno moja! Mwezi Juni mwaka huo hata jukwaa maarufu la JamiiForums lilisimama kwa muda. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na tena mwaka 2022, na mzigo ukapungua. Ada ya mwaka, ikiwa inamhusu mtu, ni gharama ya kazi na huingia katika hesabu. Lakini kuihesabu ada kuwa ni gharama hakumsaidii asiyekuwa nayo mfukoni siku ya kuomba. Haki ya kodi na haki ya kusema zilikutana hapo, na kwa mtazamo wetu mwaka ule mtu mdogo aliumizwa.

Sasa tuje kwenye kodi ya zuio, maana hii inatugusa hata sisi wenyewe. Tangu Julai 2024, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, anayemlipa mtengeneza maudhui ya mtandaoni anatakiwa kukata asilimia 5 ya malipo na kuipeleka TRA. Mfanyabiashara akikubali kulipa 200,000, hukata 10,000, na mkononi huja 190,000. Binti yetu alidhani amedhulumiwa. Hakudhulumiwa, mradi tu apewe cheti cha kodi ya zuio. Cheti hicho ni ushahidi kwamba fedha imekatwa kwa jina lake na imefika inakotakiwa. Mwenye hesabu hukiambatanisha na ritani yake. Bila cheti, kilichokatwa ni kama kimetupwa ziwani. Aliyekata na asitoe cheti, wala asipeleke, huyo ameiba mara mbili: kwa kijana na kwa taifa. Mtume Yakobo ana maneno makali juu ya ujira uliozuiliwa, nanyi mnayafahamu.

Kwa nini tunasema jambo hili linatugusa? Kwa sababu parokia nyingi, na hatujitoi sisi wenyewe, huwaita vijana warekodi Misa ya Kipaimara, au ibada ya daraja, au tamasha la kwaya, wakaja na vyombo vyao na bando lao, na mwishoni wakapewa soda na sahani ya pilau na maneno matamu kuhusu baraka. Baraka ipo, hatukatai. Lakini kijana huyo ametumia fedha yake, na hatukumpa hata karatasi ya kuonyesha kwamba alifanya kazi. Ikiwa amejitolea kwa hiari, na iwe hivyo. Sadaka ya kazi ni sadaka. Kama hakujitolea ila aliona haya kudai mbele ya padre, hilo ni jambo jingine kabisa. Tunalikiri hapa mbele yenu, kwamba nasi tumewahi kufanya hivyo.

Na neno moja juu ya daftari, maana tuliliona kwa macho yetu. Tulimpa binti yetu daftari la kawaida la shule, akachora safu nne: tarehe, aliyelipa au aliyelipwa, kiasi, na namba ya risiti. Alianza kuandika ya nyuma kutoka kwenye simu. Alipofika kwenye safu ya mhariri, alinyamaza. Alikuta kwamba kwa miezi mitatu yule kijana hakulipwa hata senti. Hakuwa amemnyima kwa makusudi. Fedha ilikuwa inaingia na kutoka, kila mara palitokea dharura nyumbani, na kijana alikuwa mpole. Katika hesabu za kichwani kijana alikuwa "tutaonana". Katika daftari alikuwa ni shilingi 450,000. Binti alilia kidogo, kisha akaanza kumlipa kwa mafungu. Sisi tulikuwa tumekuja na habari za Kaisari, na daftari likatuonyesha mdai mwingine aliyekuwa karibu zaidi.

Kwa hiyo msidhani kwamba matumizi yanayoondolewa ni mchezo wa wajanja. Ili uyaondoe lazima uwe umeyalipa au unadaiwa kweli, na uwe na ushahidi. Tumesikia kwamba wapo wanaouziana risiti, mtu akanunua risiti ya mafuta ya gari wakati yeye hana hata baiskeli. Huo ni uongo ulioandikwa kwa mashine, na mwenye kuufanya asiseme kwamba padre wa Maisaka alifundisha kupunguza kodi. Zakayo alipokuwa tajiri kwa hesabu za namna hiyo, alirudisha mara nne.

Yaliyobaki ni ya vitendo, nasi tutayapitia upesi. Anayeanza biashara anatakiwa kuomba namba ya mlipakodi ndani ya siku 15. Aliyechelewa aende mwenyewe kabla hajaitwa. Makadirio ya mwaka hupelekwa kabla ya mwisho wa Machi, na kodi hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwenye kuwasilisha hesabu za mwaka unaoishia Desemba huzipeleka kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na si katika simu pekee, maana simu huanguka majini. Kila unaponunua kitu kwa ajili ya kazi, dai risiti ya mashine. Muuzaji akikuambia kwamba ukitaka risiti bei inapanda, jua kwamba anakuomba umsaidie kumwibia mwingine, na pia anakunyima ushahidi wako. Fungua laini ya simu ya kazi pekee, ili fedha ya mbegu isichanganyike na mchango wa harusi ya binamu. Na aliye na vyanzo viwili, mathalani mwalimu anayelipwa mshahara na jioni ana podikasti, ajue kwamba njia ya makadirio imewekwa kwa mwenye mapato ya biashara tu. Huyo akaulize mapema.

Upande wa parokia, tumekubaliana na Kamati ya Fedha mambo mawili. Kuanzia sasa kila kijana atakayeitwa kurekodi ataulizwa waziwazi kabla ya siku: unajitolea au unalipwa? Akilipwa, patakuwa na hati ya malipo yenye jina, kiasi na tarehe, na kodi ya zuio itakapohusika, atapewa cheti chake. La pili, walimu wastaafu wawili waliokwisha kutukubalia watakaa katika ofisi ya parokia kila Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, kuwasaidia wenye madaftari. Si kwa vijana wa mtandaoni tu. Waje mafundi cherehani, waje wenye bodaboda, waje akina mama wa genge. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake anayesoma shule.

Hatutajaza fomu za mtu yeyote kwa niaba yake, wala hatutakaa kati yake na afisa wa kodi. Tutakaa naye kwenye daftari tu.

Muda wa maswali umefika. Tunamwona mama wa WAWATA aliyeinua mkono tangu tulipotaja soda na pilau. Mama, karibu, anza wewe.